Kamanda na Ngazi za Ghorofa ya Nne

Kochi lilikwama mlangoni. Wapagazi walilisimamisha, wakalilaza ubavu, wakaligeuza miguu juu, na rangi ya fremu ya mlango ilikuwa imeshabanduka ndipo likaingia. Lilikuwa kochi kubwa la kahawia, laini, lenye kina, la aina ambayo mtu akikaa magoti yake humpanda karibu na kifua. Mwana alikuwa amelichagua mwenyewe kwa ajili ya mama yake, na alisimama kando akilipapasa mgongo kama mtu anayepapasa ng'ombe mnono.

"Kaa, Mama. Hapa utapumzika kama malkia."

Mama alikaa. Kochi lilimpokea, likaendelea kumpokea, likammeza mpaka nyayo zikaachana na sakafu.

"Malkia gani huyu anayetawala kutoka shimoni?" aliuliza.

Walicheka wote: mama, mwana, na mke wa mwana. Kila mmoja wao, akisimulia peke yake habari za kipindi kile, huanzia kwenye kicheko hicho. Baada ya kicheko mama alitaka kuinuka, akashindwa, na mwanawe akamshika kwapani akamwinua. Sehemu hiyo huisimulia mama peke yake.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake mwanamke huyu hakuwa mtu wa kukaa. Alifanya kazi katika idara ya kufulia ya hospitali kubwa. Aliingia akiwa msichana, akastaafu akiwa na mvi, na kati ya siku hizo mbili alisimama juu ya sakafu ya saruji. Kazi yake ilikuwa kukunja. Mashuka yalitoka kwenye mtambo wa pasi yakiwa bado na joto, yakarundikwa juu ya meza ndefu, na kutoka hapo yalikuwa ya wakunjaji.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, hurudi nyuma hadi kitambaa kikaze, hulikung'uta kwa pamoja, kisha huendeana mpaka vidole vikutane. Mmoja humwachia mwenzake pembe zote, huinama kuokota mkunjo uliobaki chini, huinuka nao, na safari huanza upya. Ni kazi ya kwenda na kurudi, kuinama na kuinuka, mikono juu na mikono chini, kutwa nzima. Atakayekosea hatua humgonga mwenzake kichwa. Ndiyo maana mwanamke huyu alizoea kutoa amri kwa sauti: "Nyoosha! Kutana! Shika! Rudi!" Wenzake wakamwita Kamanda, na jina hilo lilimfuata mpaka akasahau kwamba liliwahi kuwa utani.

Mwenzake wa upande wa pili wa shuka alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Kijiti, mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu yake.

"Kamanda, vita hivi vitaisha lini?" Kijiti aliuliza kila rundo jipya lilipoletwa.

"Wagonjwa wakiisha."

Baada ya kustaafu wanawake hawa wawili walipanga vyumba vilivyotazamana katika nyumba moja ya chini yenye ua wa saruji na kamba ya kuanikia. Waume zao walikuwa wamekwisha kufariki. Asubuhi walifagia ua, wakafua hata visivyo vichafu, wakakunja mashuka yao kwa amri zilezile. Jirani mmoja aliwahi kuuliza kama nyumba ile ni kambi.

Kisha Kamanda akakanyaga ukingo wa beseni lililokuwa na maji, akaanguka, akavunjika mkono mahali pa kifundo. Mguu haukuvunjika. Jambo hili linafaa kusemwa mapema, kwa sababu katika nyumba ya mwanawe lilisahaulika upesi sana.

Mwana ni fundi wa lifti. Anaishi ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, na Kijiti hakuwahi kuchoka na jambo hilo: "Mwanao anapandisha mji mzima, mama yake anapanda kwa magoti!" Lakini Kamanda hakupanda kwa magoti. Mwana alimbeba mgongoni kutoka chini hadi juu, mkono wake ukiwa na plasta, na jasho la mwana likamlowesha kifuani.

Katika kazi ya lifti kuna kanuni ambayo fundi hafundishwi mara mbili. Lifti ikitoa mlio usioeleweka, hakuna kubahatisha. Unaizima, unafunga swichi kwa kufuli, unatundika kibao cha onyo, na ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe uliyefunga, si kwa mwingine yeyote. Kanuni hiyo huokoa maisha, na mwana hakuwahi kuivunja hata siku moja. Alipomkuta mama yake amelala uani kando ya beseni, akiugulia, alifanya kile alichokuwa hodari wa kufanya. Alimzima.

Hakukusudia ubaya. Alinunua kochi, akaweka jagi la maji na simu yenye vitufe vikubwa mahali mkono unapofika. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa chekechea, alitengeneza chai kabla ya kwenda kazini na kuifunika kwa sahani. Siku moja jirani alimkuta Kamanda ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, anahema, akidai kwamba alikuwa anatafuta upepo. Kuanzia hapo mlango ulifungwa kwa kitasa kila asubuhi, kutoka nje. Mlinzi wa geti la chini naye akaambiwa asimpitishe.

"Mpaka lini?" Kamanda alimuuliza mwanawe.

Mwana alikuwa ameinama, anafunga kamba za buti za kazi, na amechelewa. "Siku utakayoteremka ngazi hizi kwa miguu yako, Mama, nitakupeleka kwako siku hiyo hiyo."

Mwana hakumbuki kusema maneno haya. Mkewe anayakumbuka, hata buti anazikumbuka. Kamanda aliyapokea kama alivyokuwa akipokea zamu ubaoni: kazi imetajwa, na malipo yake yametajwa.

Mwanzoni alidhani ni suala la mkono kupona tu. Alingoja. Alikaa kochini akasikiliza jengo: bomba la maji likikohoa, mtoto wa ghorofa ya chini akiimba wimbo wa alfabeti, vishindo vya watu wanaopanda na kuteremka bila kufikiri. Chai ililetwa, sahani iliondolewa. Mke wa mwana aliporudi alimsemesha kwa sauti aliyoisahau midomoni kutoka darasani.

"Tumemaliza chai yote! Hongera, Mama!"

"Mwanangu, nikimaliza na mkate utanichorea nyota?"

Mke wa mwana alicheka mpaka akaona haya. Kesho yake akasema hivyo hivyo tena.

Plasta ilipofunguliwa, mwana alimbeba tena mgongoni hadi kliniki. Mtaalamu wa viungo alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu bapa na saa kubwa ya mkononi. Aliugeuza mkono huku na huku, akaridhika nao, kisha akavuta kiti cha mbao kisicho na mikono.

"Sasa, Mama, kaa hapa. Kunja mikono kifuani. Inuka bila kushika kitu."

Kamanda aliinamisha kifua mbele. Mapaja yalitetemeka, matako yakaachana na kiti kwa upana wa kidole, yakarudi kwa kishindo. Alijaribu tena. Aliangalia miguu yake, kwa maneno yake mwenyewe, "kama mtu aliyeibiwa anavyoangalia kamba tupu."

"Nilisimama maisha yangu yote," alisema.

"Ndiyo maana imeshangaa," mtaalamu alijibu kwa upole. "Mkono umepona. Sasa mgonjwa ni miguu, na hakuna aliyeivunja. Imelazwa tu. Katika umri huu nyama za mguu huondoka haraka, na kurudi hurudi polepole, lakini hurudi, ukiziita kila siku." Akamwonyesha: kuinuka na kukaa kwenye kiti kigumu, taratibu, hasa wakati wa kukaa, kushika ukingo wa sinki na kuinua visigino, kutembea nyumbani akiwa karibu na meza. Ngazi baadaye, akiwa na mtu anayesimama chini yake, si juu.

"Na akianguka?" mwana aliuliza.

"Akiendelea kukaa ndiyo ataanguka. Siku yoyote atakayosimama kwenda chooni."

Mwana aliitikia kwa kichwa. Waliporudi, katikati ya ngazi, Kamanda akiwa mgongoni, mwana alisema bila kugeuka, "Utafanya hayo mazoezi nikiwepo, Mama. Peke yako, hapana."

"Utakuwepo lini?"

"Jioni."

Jioni alirudi na mafuta ya mashine kwenye kucha, akala akisinzia. "Kesho, Mama." Jumapili kulikuwa na dharura: watu wamekwama ndani ya lifti mahali fulani. Kamanda alisema wazi kwamba hata yeye amekwama, na mwana akacheka, akachukua mkoba wa vifaa, akafunga kitasa.

Basi akaanza peke yake. Alijitoa kochini kwa kujiviringisha ubavu hadi magoti yakagusa zulia, na kutoka hapo akajivuta kwa meza. Jikoni kulikuwa na kiti cha mbao. Siku za kwanza aliinuka kwa kusukuma meza kwa mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye kwa vidole tu, kama mtu anayepima joto la pasi. Kwenye sinki aliinua visigino akitazama nje, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ukuta wa jengo jingine na bomba la maji machafu.

Lakini mazoezi ya kiti yalimchosha roho. Hayakuwa na matokeo ya kushika mkononi, na yeye alikuwa mtu wa kumaliza rundo. Ndipo alipofungua kabati la mashuka.

Alitoa moja, akafunga pembe zake mbili kwenye nondo za dirisha la sebuleni, akashika mbili zilizobaki. Dirisha likawa Kijiti. "Nyoosha," alinong'ona, akarudi nyuma hadi kitambaa kikakaza, na kule kukaza kukamsaidia asiyumbe. "Kutana." Akaenda mbele. "Shika." Akainama, huku mkono mmoja uko ukutani, akaokota mkunjo. "Rudi." Alipomaliza lile akachukua jingine. Alipomaliza kabati zima alikunjua yote, akaanza upya. Alikuwa na jasho mgongoni, na alikuwa akicheka peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa.

Jioni mwana na mkewe walimkuta kochini, chai imenywewa.

"Leo tumelala vizuri?" mke wa mwana aliuliza.

"Usingizi wa mtoto," alijibu Kamanda.

Alijua kwamba mashuka lazima yarudi kabatini kama yalivyokuwa. Mke wa mwana hukunja kama wengi wanavyokunja: nne, kisha nne tena, kisha husukumiza. Kamanda alijaribu kuiga. Alikunja vibaya kwa makusudi, akasukumiza, akafunga mlango wa kabati, akaenda kukaa, akashindwa kukaa. Alirudi akayatoa. Mikono ilikuwa na sheria yake: pindo lenye mshono nje, kingo zilizo wazi ndani, mkunjo wa mwisho katika tatu, ili muuguzi akivuta ncha moja shuka lote lifunguke juu ya kitanda kwa mkupuo. Hakuweza kufanya vinginevyo.

Jumamosi mke wa mwana alifungua kabati kutafuta shuka la kubadilisha. Alivuta ncha moja, na shuka likamfungukia lote mikononi kama ndege aliyeshtuka. Akatazama rafu. Kingo zote zilikuwa zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu.

"Baba watoto!" aliita, ingawa hawana watoto, ni utani wao wa siku nyingi. "Njoo uone. Nani ameingia humu ndani?"

Mwana alikuja. Alitazama mashuka, akatazama zile nondo za dirisha ambazo zilikuwa zimeng'arishwa na kitambaa mahali pamoja, kisha akageuka kwa mama yake, rangi imemtoka.

"Mama, ulikuwa unafunga mashuka dirishani? Ghorofa ya nne?"

Ilimchukua Kamanda muda kuelewa mwanawe alikuwa anafikiri nini. Alipoelewa, alipiga makofi kwa kicheko.

"Ulidhani ninatoroka? Kwa kamba ya mashuka, kama mfungwa? Hebu angalia nondo hizo. Nitapitaje, mimi ni moshi?"

"Si mzaha, Mama."

"Nilikuwa nakunja. Daktari alisema nitembee."

"Nilisema nikiwepo!"

"Wewe upo kwenye lifti za watu."

Mwana alikuwa ameshajibu swali lake mwenyewe: mlio mwingine usioeleweka. Jioni ile alitia kufuli dogo kwenye kabati, ufunguo akampa mkewe. Kiti cha mbao alikihamishia chumbani kwao, na mlango wa chumba nao ukafungwa. Kamanda alibaki na kochi.

Anasema huo ndio wakati alioogopa kuliko alipoanguka. "Kuanguka ni mara moja, unajua umefika chini. Pale nilikuwa naanguka nimekaa."

Siku chache baadaye simu ya vitufe vikubwa ililia. Alikuwa Kijiti.

"Kamanda, unakuja lini kufagia upande wako? Majani yamejaa."

"Ninakuja."

"Njoo upesi basi." Sauti ya Kijiti ilishuka. "Mwenye nyumba anasema mwanao atarudisha ufunguo wako mwisho wa mwezi. Kuna watu wameshakuja kupima mapazia."

Kamanda aliishusha simu mapajani, kisha akairudisha sikioni.

"Uko hapo?"

"Niko. Nitakuwa wapi tena?"

Hakumuuliza mwanawe. Alijua angejibiwa kwa upole, na kwamba upole ule ungemkalisha kabisa. Mwana alikuwa ametaja sharti, na sharti lilikuwa bado lina muda. Kitambaa cha kochi kilikuwa na zipu nyuma. Alikivua, akapata shuka lake, akakunja. Sinki halikuweza kufungiwa chumbani, hivyo visigino viliendelea. Badala ya kiti alitumia ukingo wa hodhi la kuogea bafuni, ambao ni mfupi na mgumu zaidi. Kila mchana, kabla watu hawajarudi, alilivisha kochi nguo yake na kulikalia.

Mke wa mwana alikuwa ameshagundua. Siku moja, akiwa anaosha vyombo, alimwona kwa pembe ya jicho mama mkwe akiinuka kwenye kile kiti cha mbao, kilichokuwa kimeletwa mezani kwa ajili ya chakula, mikono yote miwili ikiwa imebeba sahani. Hakumwambia mumewe. Akiulizwa kwa nini, husema kwamba yale mashuka kabatini hakuyakunjua mengine. Alikuwa anatandika shuka moja tu, analifua, analitandika tena, kwa sababu ya kuona haya kuharibu kazi ya mtu.

Mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni. Siku moja shule ya chekechea ilifunga mapema, na mke wa mwana alipofungua kitasa alimkuta Kamanda amesimama katikati ya sebule, amevaa viatu vya nje, mkoba mkononi.

"Mwanangu, usifunge."

"Mama, tafadhali."

"Mumeo anarudisha ufunguo wangu mwisho wa mwezi. Ulijua?"

Mke wa mwana aliweka mfuko wa vitu chini. "Nilijua," alisema.

"Basi sikuombi kitu kikubwa. Simama kwenye ngazi, uone kama ninateremka au siteremki. Uwe shahidi tu."

Mke wa mwana aliuacha mlango wazi. Kisha akaenda kwenye kabati, akafungua kufuli, akatoa shuka moja. Alilisokota, akamzungushia mama mkwe kiunoni, akafunga fundo, akashika ncha.

"Nitakaa nyuma yako."

"Mbele. Nikianguka, wa nyuma atanipungia mkono tu."

"Mbele basi, Mama."

Waliteremka. Mke wa mwana alikwenda kinyumenyume, ncha ya shuka mkononi, uso wake ukiwa usawa wa kifua cha Kamanda. Harufu ya vitunguu ilitoka kwa jirani mmoja, harufu ya rangi mbichi kwa mwingine. Kamanda alitoa amri kwa mguu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili hakuna kishikio. Kiling'olewa zamani na hakuna aliyekirudisha. Hapo alisimama. Goti la kushoto lilikuwa linacheza lenyewe.

"Turudi?" aliuliza mke wa mwana.

"Kurudi ni kupanda. Nyoosha."

Mke wa mwana hakuelewa.

"Nyoosha shuka, mwanangu. Likaze. Hivyo." Na kwa kukaza kule, kama alivyofanya na nondo za dirisha, alipata kitu cha kuegemea hewani, akashusha mguu, akashusha mwingine, mpaka kishikio kikaanza tena.

Chini, mlinzi aliinuka kwenye kigoda chake akiwa na huruma usoni.

"Shikamoo, Mama. Samahani, lakini mimi nimeambiwa. Bosi alisema usipite."

"Marahaba. Na mimi sipiti. Mpigie fundi, mwambie lifti imefika chini."

Mlinzi alimpa kigoda, akakikataa. Alihofia kwamba akikaa itasemwa alifika amekaa. Alishika vyuma vya geti, shuka bado liko kiunoni, akangoja akiwa wima. Kuhusu urefu wa kungoja huko, masimulizi yanatofautiana: mlinzi anasema muda mfupi, mke wa mwana anasema alidhani mume wake hatakuja kabisa. Kamanda anasema hakuhesabu. Alikuwa anapanga kichwani kipi atakifuta vumbi kwanza chumbani kwake.

Mwana alifika akiwa na kofia ngumu kichwani na mkanda wa vifaa unalia kiunoni. Mlinzi alifungua geti.

"Nani amekubeba?"

"Hakuna."

Alimtazama mkewe. Mkewe aliinua ile ncha ya shuka. "Nilishika hii tu."

"Nimeteremka," Kamanda alisema. "Nipeleke kwangu. Ulisema siku hiyo hiyo."

Mwana alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyesahau kitu humo.

"Mama... ufunguo nimesharudisha."

"Mwisho wa mwezi bado."

"Mwenye nyumba aliuomba mapema. Wale watu walitaka kupaka rangi. Juzi nilimpa. Nilikuwa nakuja kukuambia taratibu."

"Na vitu vyangu?"

"Viko stoo kazini kwetu. Kitanda, meza, sufuria zote. Nimeviweka vizuri. Hata beseni."

"Beseni pia umelitunza," Kamanda alisema.

Geti lilikuwa limeachwa wazi. Mbele yake kulikuwa na barabara, duka la vipuri, mtu anasukuma mkokoteni wa chupa tupu, jua la mchana. Hakuna aliyemzuia, hata mlinzi alikuwa amegeukia ukuta. Kamanda alipiga hatua moja, akafika kwenye reli ya chini ya geti, akasimama. Mguu ulikuwa na nguvu za kuvuka. Hakujua ungekwenda wapi.

"Panda mgongoni nikubebe," mwana alisema, akaanza kuinama.

"Inuka. Umenibeba vya kutosha."

Kupanda kulikuwa kugumu kuliko kuteremka. Mwana alitaka kwenda mbele kumvuta. Mkewe alimwambia akae chini yake, daktari alisema chini, akamkabidhi ncha ya shuka. Alipanda nyuma ya mama yake akilitazama fundo lile, mkanda wa vifaa ukigonga ukuta kila wanapokata kona. Kila ghorofa Kamanda alipumzika amesimama. Kwenye sehemu isiyo na kishikio alisema "Nyoosha," na mwana hakujua afanye nini mpaka mkewe akamwelekeza.

Walipoingia ndani mama alikataa kochi. Mke wa mwana alileta kile kiti cha mbao kutoka chumbani. Kamanda alifungua fundo kiunoni, akampa mwanawe pembe mbili za shuka, akamkunjisha. Mwana alikosea hatua akamgonga kichwa.

"Sasa nipe ufunguo wa hapa," Kamanda alisema walipomaliza.

"Wa hapa?"

"Wa kwangu umeutoa. Nipe wa kwako."

Fundi hampi mtu mwingine ufunguo wa kufuli alilofunga yeye. Mke wa mwana anasema mumewe alifungua mkoba wa vifaa akampa mama yake ufunguo wa akiba mkononi. Mwana anasema aliuweka juu ya meza tu, na mama akauchukua. Wote wanakubaliana kwamba aliutia mfukoni mwake bila kuutazama, kisha akaomba chai.

Asubuhi iliyofuata mwana aliamka kama kawaida, akafunga kamba za buti, akaaga. Alipokuwa nje mkono wake ulifanya ulichozoea. Kitasa kililia mara mbili. Kamanda aliusikia mlio huo akiwa kwenye kiti kigumu, na hakuita. Alisikiliza buti zikiteremka ghorofa kwa ghorofa, mpaka geti la chini likagongwa. Kisha alikunja mikono kifuani, akainamisha kifua mbele, akainuka bila kushika kitu, akaenda kufungua.